Nduthi Moja, Boksi Moja: Vile Utaokoa Mandai Bila Breakdown

Cheki Thika Road saa kumi na mbili jioni, siku ya wiki. Kutoka Pangani mpaka Githurai ni taa nyekundu za nyuma tu. Karibu na Allsops kuna Demio imezima, hazadi zinawaka, dere ameshikilia simu kwa sikio anabembeleza mtu. Ameitisha breakdown. Breakdown nayo iko Industrial Area, na ndio ifike lazima ipite jam ile ile yenye hiyo Demio imesaidia kutengeneza. Venye italand, saa moja na nusu baadaye, jamaa wa breakdown atafungua boneti, acheki betri, na itapatikana kitu ilikuwa inahitajika ni waya mbili na dakika tano.

Hapo ndio wera yako iko, msee wangu.

Mtaani kuna vijana wengi sana wanajua kushika spana. Wamekulia kwa gereji za Kariobangi Light, Kirinyaga Road, ama kwa ile jua kali ya nyuma ya stage. Ukiwauliza mbona hawajaanza kitu yao, watakuambia breakdown inaitisha mamilioni. Ni ukweli, inaitisha. Lakini mimi naamini kabisa, na siwezi choka kusema, kwa hii Nairobi yetu lori si ndio mwanzo wa hii bizna. Ndai nyingi zenye zimezima barabarani hazitaki kubebwa. Zinataka msee afike haraka, akiwa na vitu chache, na akue mpoa. Na kwa kufika haraka, nduthi inaacha lori mbali. Inapenya katikati ya leni, inapita sevis leni, inaland ka bado dere hajamaliza kulaani siku yake.

Kuna mahali nduthi haiendi. Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands yenye ilifunguliwa 2022, haikubali nduthi, tuktuk wala mtu wa miguu, na iko na watu wake wa kuokoa mandai. Wachana nayo. Chini yake, Mombasa Road na Waiyaki Way, kuna wera ya kutosha.

Alafu angalia hizi ndai zenyewe. Kenya haikubali uingize gari ya mtumba imepitisha miaka nane, so nyingi zinashuka Mombasa kutoka Japani zikiwa na miaka saba hivi, alafu zinaishi na sisi miaka mingine mingi. Vitz, Fielder, Probox, Note, Demio, Fit, Forester. Ukishazoea hizo, karibu kila kitu utaitiwa utakuwa umeshaiona. Nati za magurudumu za Toyota, Nissan na Mazda kawaida ni spana ya 21. Honda na Subaru ni 19. Terminal za betri nyingi ni 10. Spana namba 10 hupoteanga kuliko zote, so beba tatu.

Na zikizima, sababu ni zile zile: betri, tairi, mafuta, funguo imefungiwa ndani, ama imechemsha. Gia ikikwama, ama injini ikianza kugonga nyundo, hiyo si yako. Ikiwa ni ajali, hata usiguse. Hiyo ni kazi ya makarao kwanza, na ukisongesha ndai kabla wapime, umejiingiza kwa kesi ya wenyewe.

Kazi inaanza kwa simu, kabla hujawasha nduthi. Hapa ndio wasee wengi wanaangukia. Wanaskia tu "gari imezima" wanatoka mbio, wanafika wanapata ni kitu hawana dawa yake. Tulia, uliza. Kwanza, uko wapi? Na hapa usikubali "niko Thika Road". Unaenda tao ama unatoka tao? Uko hiwei ama sevis leni? Stage ya mwisho umepita ni gani? Kwa Thika Road, upande mbaya unamaanisha uende mpaka ukapate pa kugeuka, na hiyo ni dakika kumi imeenda. Mwambie akutumie lokesheni kwa WhatsApp na picha ya ndai ikionyesha namba.

Alafu muulize: ukiwasha, inasema nini? Kama inalia ka-ka-ka-ka haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, hiyo ni betri. Kama ni "tak" moja alafu kimya, inaweza kuwa terminal imelegea, ama stata imechoka. Kama inazunguka fiti lakini haishiki, uliza mafuta, na umwambie aangalie mshale wa geji vizuri. Kama ni ya batani, taa ziko lakini imenyamaza kabisa, uliza kama gia iko kwa P na kama amekanyaga breki. Alafu mwambie ashike ile funguo aguse nayo batani, mguu ukiwa bado kwa breki, alafu abonyeze. Toyota nyingi za batani zitawaka hivyo hata kama betri ndogo ya ndani ya funguo imededi.

Ikiwaka hivyo kwa simu, usiitishe hata bob. Najua kuna wasee watasema nimekuharibia soko. Lakini fikiria huyo mtu. Alikuwa amesimama Roysambu usiku, ameogopa, na umemtoa hapo bila kumkula. Hiyo namba yako ataisevu, na wiki ijayo mtu kwa ofisi yao akikwama, atakuwa wa kwanza kuituma kwa grupu.

Sasa tuchukue siku moja ya betri, juu hiyo ndio itakulisha. Ni Julai, Kasarani, saa kumi na moja na nusu asubuhi, baridi inakata. Betri huchukia baridi. Ile ilikuwa inajikaza Machi, Julai inakataa. Madam anafaa kuwa eapoti saa moja, na Vitz yake iko kwa parking ya ploti inalia ka-ka-ka. Unaland na nduthi, riflekta imedungwa, helmeti unatoa ndio aone sura. Kitu ya kwanza inatoka kwa mdomo si "fungua boneti". Ni hivi: "Habari ya asubuhi, madam. Mimi ndio tumebonga. Kufika na kuwasha ni elfu moja mia mbili. Ikikataa kuwaka, utanilipa mia tano ya kufika peke yake. Ni sawa?" Akisema sawa, ndio boneti inafunguliwa.

Toa mita. Betri ya volti 12 yenye iko fiti na imepumzika inasoma kama 12.6. Hii inasoma 11.7. Lakini kabla hujashika jampa, angalia terminal. Mara nyingi utapata ule unga mweupe-kijani umekaa hapo kama chumvi ya bahari, na ukishika kichwa cha waya inacheza. Toa, upande wa hasi kwanza. Piga brashi ya waya, mwagia maji moto kidogo yenye baking soda, panguza, rudisha, kaza na ile 10. Kuna siku hiyo peke yake itawasha ndai. Na siku kama hiyo, umuambie ukweli kwamba ilikuwa ni uchafu. Nairobi kuna mafundi wengi wanauzia mtu betri mpya kwa sababu ya terminal chafu, na hiyo inaniuma sana, juu kastoma hujua baadaye. Akishajua, anaacha kuamini kila kijana mwenye ameshika spana, hata wewe mwenye hukumkosea.

Kama ni lazima kujampa, fuata mpango. Waya nyekundu kwa chanya ya betri imededi, nyekundu ile ingine kwa chanya ya betri iko na moto. Nyeusi kwa hasi ya ile iko na moto, na nyeusi ya mwisho usiweke kwa betri imededi. Itafutie chuma tupu kwa injini, mbali na betri, juu betri inatoa gesi na cheche ya mwisho inaweza kuilipua. Kutoa ni kurudi nyuma kwa mpango ule ule. Ukitumia jampa paki, ile ya kubebwa mkononi, ni rahisi zaidi na hutegemei ndai ya jirani mwenye hajaamka.

Ikishawaka usihepe. Weka mita tena injini ikinguruma. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji, na shida ilikuwa betri ama kuna taa iliachwa. Ikisoma 12 na inashuka, altaneta ama mkanda wake iko na ngori, na huyo madam akienda Mombasa Road hivyo atazimikia huko. Mwambie asizime injini, aende moja kwa moja kwa fundi wake, na kama ni safari ya eapoti, achukue teksi. Hiyo dakika moja ya mita ndio inakutofautisha na kila msee mwenye ako na waya za jampa kwa buti.

Na haibridi ziheshimu. Aqua na Prius nyingi ziko na betri ndogo ya volti 12 kwa nyuma, na chini ya boneti, ndani ya boksi ya fyuzi, kuna mahali pa kushikia waya nyekundu. Hiyo unaweza. Zile waya nene za rangi ya machungwa usiguse hata ukilipwa. Hizo ni volti mamia, na haziulizi wewe ni mtoi wa nani.

Tairi nayo inaonekana rahisi mpaka uifanye kwa giza, mvua ikinyesha. Nati zimekazwa na mashine ya hewa kwa gereji, na ile spana fupi imekuja na gari haiwezi. Beba bomba la chuma la kuongeza urefu, kitu ya mita moja. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini, ndio upandishe jeki. Chini ya jeki weka kipande cha mbao, juu murram na lami ya kiangazi humeza jeki polepole bila wewe kujua. Ukishatoa ile tairi imepasuka, isukume chini ya bodi ya ndai, jeki ikiteleza kuna kitu itashika. Usiingie chini ya gari imesimama kwa jeki, hata kuokota nati. Na uliza mapema kama kuna nati ya kufuli, ile inataka ufunguo wake. Wenye ndai wengi hawajui wako nayo mpaka siku hiyo.

Spea nyembamba, ile ndogo, inataka presha ya 60, karibu mara mbili ya tairi ya kawaida, na haifai kupita 80 kwa saa. Utaipata kwa buti imekaa miaka bila mtu kuigusa, imelala kabisa. Ndio maana kompresa ndogo ya volti 12 ni lazima iwe kwa boksi. Msumari ukiwa katikati ya kanyagio, unaweza kuziba tubeless hapo hapo bila kutoa gurudumu. Ukiwa ubavuni, usizibe. Hiyo tairi imeisha, na ukiiziba ipasuke hiwei, ni wewe.

Zingine nizipitie mbio. Ndai imechemsha: zima, fungua boneti, ngoja nusu saa, na usifungue mfuniko wa redieta ikiwa moto, juu ile mvuke inatoa ngozi ya uso. Kama paipu ndogo imepasuka unaweza kuisaidia ifike gereji. Kama oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, gasket imeenda, hiyo ni ya breakdown. Mafuta: usitembee na petroli siku nzima nyuma ya nduthi, na usibebe kwa chupa ya plastiki. Kuwa na mtungi wa chuma wa lita tano, mwenye ndai atume doo ya mafuta kwanza, unyite kwa stesheni ya karibu, umpelekee. Na uliza mara mbili kama ni petroli ama dizeli.

Funguo kufungiwa ndani, hapo nisimame kidogo. Kuna puto ya hewa ya kusukuma mlango na chuma refu la kubonyeza loki. Ni ujuzi poa na inalipa. Lakini ukipatikana na hivyo vyuma saa nane usiku na huna maelezo, karao hatakuuliza kuhusu bizna yako, sheria iko na kesi tayari ya mtu anatembea usiku na vifaa vya kuvunja. So usifungue ndai ya mtu bila kitambulisho na kitu kinaonyesha ni yake. Piga picha ya zote mbili. Mtu akileta za "harakisha, ni ya boss wangu", wachana naye, hata akiongeza ganji.

Na usalama wako? Mtu wa bizna hii hugongwa akiwa amechutama kando ya tairi. Hapo kwa Thika Road dere anakuja na kasi, anaangalia simu. Pembetatu za laifseva ziende mbali nyuma, hatua sitini hivi, si zile za kuwekwa nyuma ya bampa. Abiria watoke ndani, wasimame nyuma ya riling. Wewe usifanye tairi ya upande wa magari kama kuna namna ndai inaweza kusongeshwa mita ishirini ipate nafasi. Rimu ikiharibika inanunulika.

Usiku usiende peke yako. Kuna simu zingine si za ndai. Kama mtu anakataa kutuma picha, anabadilisha mahali kila dakika, ama anataka ukuje kwa barabara haina taa na hakuna mtu, mwambie asukume mpaka petroli stesheni ama apige 999. Shea lokesheni yako na mtu wa mbogi mpaka urudi base.

Sasa fikiria hiyo woga kutoka upande wa pili. Kila dere wa Nairobi anajua ile hadithi ya ndai imezima, vijana wawili wanatokea kama wameitwa, mmoja anaingiza mkono kwa injini, na bei inatajwa baadaye. Msee akikwama hapo Globe ama Pangani usiku, ndai si ndio inamtetemesha. Anawaza ni nani anakuja. Kwa hivyo, kabla utoke base, mtumie picha yako, jina, namba ya nduthi, bei, na dakika ngapi utachukua. Ukiona utachelewa, piga. Ukifika, mikono ionekane. Chochote umetoa kwa ndai yake, mwonyeshe. Malipo yaingie kwa till ya M-Pesa ya bizna, ndio kwa mesej aone jina lile lile ulimwambia, si jina la binamu.

Na manzi mwenye anajua hii kazi, tafadhali usikae nyuma ukidhani ni ya maboyz. Kuna madere wengi wa kike watakuitisha wewe kwanza, juu wanataka kulala wakijua nani alikuja kwa parking yao saa tano usiku. Hiyo ni soko hakuna mtu amelifikia vizuri.

Ganji ya kuanza. Boksi ya chuma ya kufungwa nyuma ya nduthi utachongewa Kamukunji kwa vipimo vyako. Vyombo vingine utazunguka Kirinyaga Road na Lusaka Road ukilinganisha bei, na usinunue ya kwanza. Jampa paki ndio itakugharimu kuliko vitu vingine vya boksi, na hapo usibane. Ile ya bei ya kutupa inaandika nguvu kubwa kwa karatasi lakini ikikutana na dizeli inanyamaza. Kama huna doo yote, anza na mita, spana, brashi, waya za jampa, jeki na kompresa. Jampa paki itajinunua.

Hustler Fund, ile gava ilizindua Novemba 2022, inakopesha mtu binafsi kutoka 500 hadi 50,000, riba 8% kwa mwaka. Riba iko chini, lakini unafaa kurudisha ndani ya siku 14, na mwanzoni wanakupea kidogo. Chombo chenye kitajilipa kwa miezi mitatu usikinunue na deni la wiki mbili. Chama cha mbogi, watu watano wanachanga kila wiki na kununuliana vyombo kwa zamu, kinafaa hapa kuliko mkopo wa simu.

Makaratasi usiogope. Jina la bizna unasajili kwa eCitizen ukiwa kitandani. Chukua pia kibali cha kaunti, ndio kanjo wakose pa kukushikia. PIN ya KRA uko nayo. Leseni ya nduthi iwe ya klasi inayofaa na bima isomeke ni ya biashara, juu bima ya kibinafsi itakukana siku utaihitaji. Na kama ulijifunzia gereji bila cheti, nenda NITA ufanye tred test. Wanaanza na gredi ya tatu, unapanda mpaka ya kwanza. Siku utataka kufanya kazi na kampuni ya bima ama ya kukodisha mandai, hiyo karatasi ndio itafungua mlango. AA ya Kenya ilianzishwa 1919. Wenye magari hapa wamekuwa wakilipa ndio wasiachwe barabarani tangu zamani, so usidhani unaanzisha kitu wasee hawaelewi.

Kutafuta kastoma, usijitangazie Nairobi nzima. Chagua kipande. Githurai hadi Pangani. Ama Ruaka, Ndenderu na Banana. Ama Syokimau hadi Mlolongo. Ukisema uko kila mahali, utachelewa kila mahali. Hapo kwa kipande chako, jua kila mlinzi wa ploti, kila kijana wa pampu, kila kawosh. Hao ndio hupatanga mtu amekwama kabla ya yeyote. Wape kadi na wape kitu kidogo kila kazi ikitoka kwao, na uwalipe siku hiyo hiyo. Madere wa Uber na Bolt wabonge nao kwa stesheni penye wanangojea. Hao kila saa ndai imesimama ni chapaa imepotea, na mara nyingi ndai si yao, kuna mtu anangoja hesabu jioni. Wafanyie bei ya kundi, watakuita mchana na usiku.

Na wenye mabreakdown uwafanye mabeshte. Tafuta wawili wenye wanaaminika kwa kipande chako, mkubaliane bei ya kilomita na chako kitakuwa ngapi ukiwapea kazi. Ukifika upate gasket imeenda, humwachi madam hapo. Unapiga simu mbele yake, unamwambia bei ya kubebwa, unangoja naye mpaka lori ifike. Nao wakipigiwa simu ya betri wakiwa wamekwama jam, watakutumia wewe.

Panga mwaka wako pia. Mvua ya Machi mpaka Mei inafungua mashimo, na mashimo yanakula tairi. Juni hadi Agosti ni betri asubuhi. Disemba kila mtu anaenda ocha, na barabara ya Limuru kushuka Naivasha hadi Nakuru inajaa ndai zimebeba kuliko zilivyozoea, zinachemsha kwa kila mlima. Alafu wiki ya kwanza ya Januari wasee wanarudi, na zile mandai ziliachwa parking tangu kabla ya Krismasi zote zinalia ka-ka-ka asubuhi ya kurudi wera. Hiyo wiki simu haitalala. Siku ya mwaka mpya jioni, chaji jampa paki ijae, jaza tanki la nduthi, na uwaambie vijana wa pampu utakuwa base saa kumi alfajiri.